Chupi ya hedhi haikaukii chini ya godoro

Hotuba ya fundi cherehani kwa wazazi na walezi wa wasichana wa sekondari, Tukuyu, mwisho wa mwezi Mei

Mheshimiwa mwenyekiti, mkuu wa shule, matroni, baba zangu na mama zangu, mugonile!

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshaitazama saa yake mara mbili, basi nisiwazungushe. Mimi ni fundi cherehani. Si nesi wala si mwalimu wa afya. Nashona sare za shule, magauni ya kipaimara, mapazia, na miaka hii ya karibuni nashona pia chupi za hedhi, zile zinazonyonya damu zenyewe bila pedi. Kwa hiyo nitazungumzia ninachokijua: kitambaa, maji na jua. Maji Rungwe tunayo, tena ya kumwaga. Kitambaa kinapatikana. Jua ndilo linalotusumbua, na nusu ya maneno yangu leo yatakuwa ya kuanika nguo.

Tumeitana wiki hii kwa sababu tarehe 28 Mei ni Siku ya Hedhi Salama Duniani. Inaadhimishwa tangu 2014, na tarehe yenyewe ilichaguliwa kwa hesabu: hedhi huchukua kama siku tano, ndiyo mwezi wa tano, na mzunguko huhesabiwa siku 28. Hayo yametosha. Baba zangu mliokaa karibu na mlango, msiondoke, kuna kazi yenu mwishoni.

Hii niliyoshika nimeikata katikati kwa mkasi ili muone ilivyo ndani. Naomba ipitishwe mikononi, ni mpya, haijavaliwa na mtu. Ukiminya sehemu ya katikati utaona ni nene. Kitambaa cha juu ndicho kinachogusa mwili; kazi yake ni kupokea damu na kuishusha chini haraka ili ngozi ibaki kavu. Chini yake kuna tabaka la kunyonya, na mara nyingi yako mawili au matatu, la pamba ya taulo, la mianzi au la maikrofaiba. Kisha tafuta kile kitambaa kinachoteleza, upande mmoja kinang'aa. Hicho kimepakwa plastiki nyembamba sana ya polyurethani. Maji hayapiti, ila mvuke kidogo unapita, ndiyo maana mtu hatokwi jasho kama aliyevaa nailoni. Nje kabisa ni kitambaa cha kawaida cha chupi. Masharti karibu yote nitakayowapa yanatokana na hicho kinachoteleza. Kikiharibika, mmebaki na chupi nzito isiyo na faida.

Inabeba kiasi gani? Mwanamke wa kawaida hupoteza damu kama mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula. Watu wengi hudhani ni nusu lita. Sehemu kubwa hutoka siku mbili za mwanzo, na hapo ndipo chupi inapopimwa. Zipo zinazobeba kijiko kimoja tu, zipo zinazobeba zaidi ya viwili, na maandishi ya kwenye paketi hayasemi kweli kila mara. Ipime mwenyewe nyumbani. Kwanza ifue mara mbili au tatu, kwa sababu kitambaa kipya cha pamba au mianzi hakijafunguka, maji yanateleza juu. Ikikauka, itandaze juu ya sahani, mimina kijiko kimoja cha maji polepole katikati, subiri, halafu bonyeza upande wa nje kwa karatasi ya chooni. Karatasi ikitoka kavu, ongeza kijiko cha pili. Pale karatasi itakapolowana, umeshajua kikomo chake, na binti yako hatakijua akiwa amesimama mbele ya ubao.

Kuvaa hakuna siri. Inavaliwa kwa muda wa saa 8 hadi 12, ikitegemea damu inavyotoka. Siku ya kwanza na ya pili inaweza kujaa kabla ya hapo, na binti atajua kwa kuhisi unyevu kwenye mapaja. Isipwaye. Chupi inayopwaya inavuja pembeni hata ikiwa na tabaka kumi, na nawaomba msinunue kubwa mkisema mtoto ataikuta mbele. Hiyo ni kwa sare ya shule.

Sasa kufua. Maji ya baridi. Najua maji ya Tukuyu asubuhi ya mwezi wa saba, vidole vinakufa ganzi, na binti yeyote mwenye akili atatamani kuchanganya na ya moto. Asifanye hivyo kwenye suuza ya kwanza. Damu ina protini, na protini ikikutana na maji ya moto inaganda ndani ya nyuzi kama ute wa yai kwenye sufuria. Ikishaganda hivyo, doa halitoki, na mabaki yanabaki ndani yakinuka. Suuza kwanza kwa maji ya bombani, ukibonyeza kwa kiganja, ukibadilisha maji mpaka yatoke meupe. Hapo ndipo uingize sabuni ya mche, upake sehemu ya katikati, usugue kwa mkono na siyo kwa brashi, usuuze tena mpaka mtelezo wa sabuni uishe. Sabuni inayobaki ndani inawasha. Kwenye hatua hii ya sabuni maji ya vuguvugu yanaruhusiwa, yale ambayo ungemwogeshea mtoto, yasizidi hapo.

Jiki hapana. Najua mama zangu mnaipenda, nguo nyeupe bila jiki kwenu haijafuliwa. Jiki inakula lastiki na inachosha ile plastiki mpaka inaanza kubanduka. Vilevile ile dawa ya kulainisha nguo, yenye harufu ya maua: inapaka nyuzi utando, na nyuzi zenye utando hazinyonyi. Na kuloweka, nusu saa kwenye maji ya baridi inatosha. Beseni lililofunikwa likalala uvunguni siku tatu ni shamba la bakteria, na hilo nalisema kwa matroni pia.

Hapa niweke neno langu kama fundi. Nyingi za dukani ni nyeusi ndani na nje. Watu wanazipenda kwa sababu doa halionekani. Mimi nikishona, cha juu naweka cha rangi hafifu, kijivu au maziwa. Sababu ni kwamba kwenye nyeusi huwezi kuona kama imetakata, unakisia. Doa jepesi kwenye kitambaa safi halina madhara kwa mtu yeyote.

Tukishafua tunafika penyewe, kuanika.

Chupi hizi zilibuniwa na kuuzwa sana kwanza kwa watu wenye mashine ya kufulia na nyumba zenye vipasha joto. Karatasi zake zinasema anika kwenye hewa, basi, zimemaliza. Hewa ipi? Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mwezi wa tatu na wa nne ukungu unaingia hadi sebuleni. Ikifika mwezi wa sita mvua inapungua, inaingia baridi. Nguo ya kawaida hapa inaweza kukaa kambani kutwa nzima na bado ukaikuta mbichi, seuze hii yenye tabaka nne, moja likiwa plastiki linalozuia hewa kupita upande wa pili.

Halafu juu ya hali ya hewa tunaongeza aibu. Shule moja ya huku kwetu milimani, sitaitaja, ililetewa maboksi ya chupi za hedhi kama msaada. Wasichana walifurahi. Hakuna aliyeuliza zitaanikwa wapi. Bweni lilikuwa na kamba moja, iko mbele, njia ya wavulana kwenda bwaloni. Basi kila mmoja akaanika chini ya godoro, ndani ya sanduku, nyuma ya kitanda. Baada ya miezi michache zilikuwa na uvundo, nyingine zimeota kuvu, wasichana wanajikuna na hawasemi. Zikatupwa shimoni. Nilizikagua baadhi: mishono mizima, plastiki nzima, lastiki nzima. Chupi hazikuwa na kosa lolote. Wakubwa tulizipeleka pasipo na kamba.

Basi nawapa njia zinazofanya kazi hapa hapa, zote nimezijaribu kwenye ua wangu.

Ya kwanza ni kuondoa maji kabla ya kamba. Usiikamue kwa kuisokota, kule kusokota kunabandua plastiki. Ibonyeze kwa viganja viwili. Kisha chukua taulo kavu au khanga kuukuu iliyokunjwa mara nne, itandaze sakafuni, weka chupi juu yake, viringisha vyote pamoja, halafu ukanyage kwa miguu, uzito wote, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Hesabu mpaka ishirini. Fungua uone khanga ilivyolowa. Maji hayo yote yangekuwa yanangoja jua ambalo halipo. Mtoto wa kidato cha kwanza anaifanya hii bila msaada, na wakiwa wengi inakuwa mchezo.

Ya pili, igeuze ndani nje, uibane kwenye kamba kwa mpira wa kiunoni, sehemu nene ikitazama jua. Usiikunje juu ya kamba katikati, maana hapo kwenye mkunjo ndipo maji yanapokimbilia na kubaki.

Ya tatu, mvua ikigoma kuacha, kamba iwe jikoni, juu. Jikoni kwetu moto hauzimiki, joto linapanda darini, tulitumie. Ila weka mkono wako pale unapotaka kuianika. Mkono ukikaa hapo bila kuona haja ya kuutoa, chupi nayo itakaa salama. Mkono ukikimbia, plastiki itayeyuka. Na nawasihi, msiwashe jiko la mkaa chumbani mkafunga mlango ili nguo zikauke. Kila baridi ikiingia tunasikia habari za watu waliolala na jiko na hawakuamka. Moshi wa mkaa unaonekana, lakini ile hewa yenye sumu haionekani wala hainuki.

Pasi je? Hapana, pasi ya moto ni adui wa plastiki hiyo. Na hapa nawatahadharisha wenye ndugu Kyela na sehemu nyingine za joto: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na funza wake huingia chini ya ngozi ya mtu. Tumezoea kumuua kwa pasi. Kwenye chupi ya hedhi pasi haipo, kwa hiyo ulinzi ni kuianika juani kabisa, juu ya kamba, kamwe isiwe kwenye majani, na isivaliwe kabla haijakauka kabisa.

Utajuaje imekauka? Nje itakudanganya. Nje inakauka mapema, ndani bado. Iweke kwenye shavu lako, sehemu nene, uisikilizie. Ukihisi ubaridi, irudi kambani. Binti wangu mdogo ananicheka nikifanya hivyo uani, lakini naye anafanya.

Sasa lile ambalo nimeliona kwenye nyuso zenu tangu nianze. Mama mmoja hapa mbele alinivuta pembeni kabla ya kikao akaniuliza, "Fundi, na baba mkwe je?" Swali hilo ni zito na mimi silipuuzi. Sisi Wanyakyusa tumekuzwa tukijua mkwe mwanamke hapishani njiani na baba mkwe wake, anamkwepa kwa heshima. Leo umwambie huyo mkamwana aanike chupi mbele ya kibaraza cha mzee? Hatafanya, na sitamlaumu. Mtu akija kuwaambia muache aibu, ataondoka na gari lake, nyie mtabaki na wakwe zenu.

Njia ninayotumia ni hii. Funga kamba tatu sambamba, zikiachana kama hatua moja. Kamba mbili za pembeni tundika khanga au shuka, zining'inie. Kamba ya katikati anika chupi. Anayepita anaona khanga tu. Jua linaingia kutoka juu, upepo unapita chini na kati. Heshima imebaki mahali pake na kitambaa kimepata jua la saa sita. Msizifunike kwa khanga juu yake, hapo mmerudi kwenye godoro. Kwenye uwanja mdogo, tumia upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, maana nyie ni mashahidi, huku kwetu mchana mawingu yanajikusanya kutoka mlimani.

Mnauliza binti anahitaji ngapi. Ninaowauliza wengi wamesoma kwamba tatu zinatosha. Kwa mtu wa Dodoma, sawa. Hapa, kwa miezi ya mvua, nasema tano au sita, au kama mfuko hauruhusu, tatu pamoja na paketi ya pedi ya akiba kwa siku ambazo kamba haikauki. Sioni ubaya wa kuchanganya. Fundi anayewaambia mtupe pedi zote anatafuta soko. Kila moja iwekwe alama ya uzi wa rangi ya mwenyewe, ndugu wasiazimane, hata mapacha. Wala msinunue iliyokwisha kuvaliwa mkiiona kwenye mafungu ya soko la Mwanjelwa, Mbeya; nguo za ndani za mitumba Shirika la Viwango, TBS, lilishazipiga marufuku zamani, na kwa hii sababu mnaiona wenyewe.

Kwa mwanafunzi wa kutwa, akibadilisha shuleni atabeba iliyotumika kwenye nini? Mifuko ya plastiki imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019. Nileteeni miavuli yenu iliyovunjika. Kile kitambaa cha mwavuli hakipitishi maji, nakishona kijifuko chenye zipu, mwavuli mmoja unatoa kadhaa. Akifika nyumbani aitoe jioni hiyo hiyo na kuisuuza. Ikilala humo mpaka kesho, mmeharibu kazi.

Kuhusu bei sitasema mengi, maana mnanunua wenyewe na mnajua. Mnakumbuka bajeti ya 2018 iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike, na ya 2019 ikairudisha, serikali ikasema bei dukani haikushuka, nafuu iliishia kwa wafanyabiashara. Uingereza nao waliondoa kodi kwenye pedi Januari 2021, chupi za hedhi wakazisahau mpaka Januari 2024. Nalitaja hilo kwa sababu moja: hata huko zilionekana ni nguo tu. Kwenye bajeti ya nyumba nazo ziwekwe upande wa sabuni na chumvi. Zisisubiri sikukuu.

Na mkinunua za kiwandani, ulizeni zimetiwa dawa gani. Mwaka 2023 tulisikia kampuni ya Thinx ya Marekani, inayouza chupi za hedhi, imekubali kumaliza kesi nje ya hukumu, wateja wakidai chupi zake zina kemikali za kuzuia maji zinazoitwa PFAS. Kampuni yenyewe ilikana kosa. Mimi sina maabara. Ninachoweza kusema ni kwamba chupi iliyoandikwa "inaua bakteria wote" au "haina harufu milele" naiogopa. Kitambaa kisafi hakihitaji ahadi hizo.

Jambo moja la afya, nimelichukua kwa nesi. Mtu anayetumia pedi anahesabu, anajua leo nimebadilisha mara ngapi. Chupi inaficha hesabu hiyo. Binti anaweza kutokwa na damu nyingi miezi na miezi, chupi inanyonya tu, yeye anachoka, anasinzia darasani, mnasema mvivu. Ikijaa kila baada ya saa moja au mbili, hedhi ikizidi siku saba, au yakitoka mabonge makubwa, mpelekeni hospitali ya Makandana apimwe damu. Msingoje likizo.

Zikichakaa mtaziona: zinavuja katikati, plastiki imebanduka na inatoa sauti ukiikunja. Zilizotunzwa hufika miaka miwili na zaidi. Msizichome jikoni kwa mama, zina plastiki ile.

Mwenyekiti ameinuka, namaliza. Nimezungumza na mkuu wa shule, amekubali eneo la nyuma ya bweni la pili, upande wa mashariki, litengwe kwa kamba tatu tatu kama nilivyoeleza, na matroni atasimamia. Kwa siku za mvua litawekwa paa la mabati yanayopitisha mwanga juu, pembeni wazi. Mabati yapo. Hazipo nguzo na waya. Baba zangu wa mlangoni, mna mikaratusi. Nahitaji nguzo nane zilizokauka, waya wa mabati usioota kutu, na watu wawili wa kuchimba mashimo Jumamosi kabla jua halijawa kali, likitoka. Nani anaandika majina?